Farasi Juu ya Paa la Baba Mkwe

Tangu nirudi, hakuna anayepita kibandani kwangu kutengenezewa viatu asiyeuliza. Wengine mnauliza kwa upole, wengine mnauliza kama mnaosikiliza kesi: Fundi Saidi, mbona hukuondoka na mkeo siku ile ile uliyofika? Nimejibu hadi nimechoka. Mara nyingine nimejibu vibaya, na Athumani bado hajanisamehe kwa nyundo niliyomrushia, ingawa haikumpata. Kwa hiyo nimekaa nikaandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa shule ya serikali, ili ajuaye kusoma awasomee wasiojua. Mkimaliza, mniache nishone.

Mwanzo wake mnaujua. Mimba ya kwanza ya mke wangu Zainabu ilipofika miezi saba, alikwenda kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi ya Warangi wa kwao. Kwao ni kaskazini, chini ya vilima vya Burunge, katika njia ya Kondoa. Alipoondoka, vita ilikuwa habari ya mbali, ya watu wa Moshi. Haukupita muda wapagazi wakaanza kupita hapa Mpwapwa wakisema Makaburu wanashuka kwa farasi, wengi, na Wajerumani wanarudi nyuma mbele yao. Niliposikia hivyo nilifunga kibanda. Nilitaka kumrudisha nyumbani kabla farasi hawajamfikia. Sikuwa na haja nyingine yoyote barabarani.

Mpwapwa hadi Gulwe

Mvua mnaikumbuka. Kutoka hapa hadi stesheni ya Gulwe ni mwendo wa asubuhi moja kwa mtu mwenye miguu mizuri, lakini mimi ulinichukua kutwa nzima, maana tope lilikuwa linanivua viatu kila hatua, na fundi viatu kutembea peku ni aibu. Mwisho nilivivua, nikavifunga shingoni. Aibu nikaimeza.

Gulwe nilikaa siku mbili. Magari ya moshi yalipita, mengine yamejaa askari, mengine yamejaa ng'ombe waliochukuliwa vijijini, na hakuna lililosimama kwa ajili ya mtu wa namna yangu. Hapo nilipata mwenzangu wa kungojea, mpishi mmoja kutoka Tabora aliyekuwa anamfuata bwana wake Dodoma. Huyu bwana alikuwa na kinywa! Aliniapia kwamba farasi wa Makaburu hula nyama, na kwamba wakikosa ya ng'ombe hawachagui. Nilimcheka. Alinipa nusu ya kiporo chake cha wali, nikala, na bado nilikuwa namcheka. Lakini nitasema kweli: alipokwisha kunyamaza nilianza kuhesabu siku za Zainabu kwa vidole, na vidole havikunipa raha.

Siku ya tatu tulipandishwa behewa la ngozi mbichi. Harufu ile haikunisumbua, ni harufu ya kazi yangu. Mpishi alitapika hadi Kikombo.

Dodoma

Dodoma ndiko mdomo wangu ulikoniponza. Nilikuwa nimekwisha toka stesheni, nimeshika njia, askari mmoja akaliona fuko langu la vifaa.

"Wewe nani?"

"Fundi wa ngozi."

"Fundi kweli, au fundi wa kusema?"

Ningejibu kwamba najifunza. Ningejibu kwamba fuko ni la ndugu yangu. Badala yake nikamwambia hakuna mkono kama wangu kutoka Morogoro hadi Kilimatinde. Akacheka, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya stesheni kwenye ua walikofungwa farasi wa Wajerumani.

Nilikaa siku nne katika ua ule, nikishona matandiko na hatamu. Sikuwahi kuwaona farasi wengi namna ile mahali pamoja, na sitamani tena. Walikuwa wamekonda, mbavu nje, macho yanatoka machozi, wengine wanakohoa kama watu. Mbung'o walikuwa wamewamaliza. Kila asubuhi mmoja au wawili waliburutwa nje kwa kamba. Waliobaki walikuwa wakitandikwa matandiko ya wenzao waliokufa, ndiyo maana kazi ya kupunguza na kuongeza mikanda haikuisha. Msimamizi wao, Mjerumani mzee mwenye ndevu nyekundu, alipitisha kidole juu ya mishono yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe kazi safi. Wewe kaa."

Hili linaniuma hadi leo. Ningeshona ovyo wangenifukuza siku ya kwanza. Lakini mkono wangu haujui kushona ovyo, na nilisifiwa nikafurahi, mpumbavu mimi, huku siku zinapita. Waliniachia siku kikosi kilipoondoka kwenda kaskazini, kwa sababu ngozi ilikuwa imekwisha. Wao walikwenda kwa farasi na nyumbu, mimi nikafuata kwa miguu njia ile ile.

Makutupora hadi milima ya Chenene

Kijiji cha kwanza baada ya Makutupora nilikikuta kitupu. Moto bado unawaka, chungu bado kiko jikoni, mtu hakuna. Cha pili vilevile. Cha tatu niliwaona kwa macho yangu wanakimbilia vichakani, wanawake wamebeba watoto, wanaume mbele yao. Nikageuka kutazama ni nani anakuja nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa ni mimi! Mtu mwenye kanzu na kofia katika siku zile alikuwa mtu wa akida, na mtu wa akida hakuja ila kukamata wapagazi. Nilivua kanzu, nikaikunja ndani ya fuko, nikatembea na shuka kiunoni. Tangu hapo watu walinijibu salamu.

Mama mmoja wa Kigogo, mtu mzima, alinikaribisha chini ya upenu wa tembe lake wakati mvua imenishika. "Mbukwenyi," nikamwamkia kwa lugha yake, na nadhani ndiyo iliyoniokoa. Alinipa ugali wa uwele na mlenda, akanitazama nikila.

"Unakwenda wapi mwanangu, wenzako wote wanakuja huku?"

"Namfuata mke wangu, mama. Ana mimba."

"Basi kula upesi."

Akaniongezea mlenda. Nilimwachia viatu vyangu. Havikuwa na kazi katika tope lile, na yeye alikuwa na mume asiye na viatu, akasema atavitia mafuta angoje jua.

Chini ya milima ya Chenene mto ulikuwa umejaa. Jana yake ulikuwa mchanga mtupu, waliniambia. Nilikaa ukingoni siku nzima pamoja na wachungaji wawili na ng'ombe wao, tunatazama maji mekundu yanapita na miti ndani yake. Nilitaka kujitosa. Mchungaji mmoja alinishika shuka, akasema kama nataka kufa nisubiri Makaburu, hawako mbali. Kesho yake maji yalifika kiunoni tu, tukavuka tumeshika mikia ya ng'ombe.

Ukweni

Nilifika kwa wakwe zangu siku ya pili baada ya mtoto kuzaliwa. Siku mbili! Toeni zile nne za Dodoma mpate hesabu wenyewe.

Sasa niwaeleze nyumba ile, kwa kuwa wengi wenu mnajua matembe ya huku tu, yanayosimama juu ya ardhi kama nyumba nyingine. Matembe ya kule huchimbwa ubavuni mwa kilima. Nyuma na pembeni ni udongo wenyewe, mbele tu ndiyo kuna ukuta na mlango, na paa ni bapa, limefunikwa udongo, limelingana na mteremko. Mtu akishuka kutoka juu ya kilima hajui kwamba anakanyaga nyumba. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeotesha majani juu ya paa la baba mkwe, na mbuzi walikuwa wanayala. Wazee walijenga hivyo kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Wezi wale walikuja kwa miguu, kutoka bondeni, na mikuki yao haikupenya udongo. Watu na ndama waliingia ndani, wakaweka miiba mlangoni, wakangoja. Baba mkwe wangu, Mzee Omari, aliponea hivyo alipokuwa mtoto, na alipenda kuhadithia.

Jambo la pili ni adabu zao za ukwe. Mzee Omari alikuwa ameslimu, anasali vizuri kuliko mimi, lakini adabu za ukwe zilikuwa zile zile za babu zake. Mkwe mume hamtazami mama mkwe usoni, haongei naye, hakai naye chini ya paa moja. Neno likiwa la lazima hupitishwa kwa mtu wa tatu. Basi mimi nililala katika kibanda karibu na zizi, na mke wangu alikuwa chumba cha ndani kabisa pamoja na mama yake. Sikumwona. Tulizungumza kwa kitundu kilichokuwa ukutani, mimi nje nimechutama kama mwizi.

"Amefanana na nani?" nikamwuliza.

"Na wewe, pua. Nimemwombea ibadilike."

"Ni mzima?"

"Analia vizuri. Saidi, umekonda? Sauti yako imekonda."

Nilimwambia Mzee Omari nataka kuondoka nao siku ile ile. Akaingia kwa mama mkwe, akatoka. "Mama anasema kitovu cha mtoto hakijaanguka. Mtoto hatolewi nje kabla ya kitovu kuanguka. Na mzazi huyu hajapata nguvu za njia. Siku tano tu, mkwe."

"Baba, farasi wako karibu. Nimewaona wa Wajerumani kwa macho, na hao wanaowafuata hawako mbali."

Akaingia tena, akatoka tena. "Anasema nyumba hii imeona vita nyingi."

Mngefanya nini ninyi? Nilijua kwamba siku tano ni nyingi. Lakini kubishana mara ya pili na mama mkwe, tena kwa kumtumia mumewe kama tarishi, ni utovu wa adabu ambao kwao ungesimuliwa hadi kwa wajukuu. Nami nilitaka waseme Zainabu ameolewa na mtu. Nikasema, "Sawa, baba. Tungoje."

Siku tatu nilikula vizuri. Waliniletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na siku moja kuku. Kila asubuhi nilikwenda kitunduni kuuliza habari za kitovu, na Zainabu alicheka, akasema hajawahi kusikia mwanamume anayeulizia kitovu kama anayeulizia mavuno.

Siku ya farasi

Siku ya nne kulipokucha jua lilitoka, mara ya kwanza tangu nitoke Dodoma. Katika korongo chini ya kijiji niliwaona farasi na nyumbu wanakunywa maji, kama kumi na wanne, na Wajerumani wao. Mmoja alinitambua, akanyanyua mkono, nami nikanyanyua wangu. Sikuona hatari. Niliwaza tu kwamba wakiondoka tutapata maji safi.

Mzee Omari ndiye aliyeona wengine. Walitokea juu ya kilima nyuma yetu, pengine ishirini, wana kofia pana, wamesimama wanatazama korongoni. Akapiga yowe la zamani, lile la wezi wa ng'ombe: "Ndani! Watu ndani! Ndama ndani!" Na kijiji kizima kikafanya kama kilivyofundishwa na babu zao. Kila mlango ulimeza watu na ndama wake.

Mimi nilikimbilia mlangoni pia. Nilipoinama kuingia, mama mkwe alikuwa pale ukumbini anavuta ndama kwa sikio, uso wake na wangu haziachani hata pima moja. Nikarudi nyuma. Hata sikufikiri, miguu ilirudi yenyewe.

"Ingia!" akasema Mzee Omari kutoka ndani.

"Nitabaki nje, baba."

Alielewa. Hakunilazimisha. "Basi weka miiba."

Nikaburuta matawi ya miiba, nikaujaza mlango kwa mikono yangu, nikahakikisha hapana pa kupita hata paka. Kisha nikalala nyuma ya mawe ya zizi. Nilikuwa natazama paa lile kutoka chini.

Wa korongoni walipiga risasi kwanza. Wa juu wakatawanyika, wakashuka mbio. Kwao mbele palikuwa na mteremko wa majani mabichi na adui chini yake, hapakuwa na nyumba. Farasi watatu waliingia juu ya paa letu. Wa kwanza alivuka, akaruka ukingo, akaanguka kwa miguu yote minne mbele ya mlango, akaendelea. Wa pili aliona ukingo akakata kona. Wa tatu alikuwa katikati, na udongo ulikuwa umelowa miezi miwili. Mguu wake wa mbele ukazama, kisha kifua, kisha akatoweka wote pamoja na mtu wake. Sauti ya paa kubomoka ilikuwa ndogo. Sauti kubwa ilifuata, ya farasi mwenyewe mle ndani, na sitaiandika.

Huko korongoni walikaribiana hadi wakapigana kwa vitako vya bunduki juu ya farasi. Mnaniuliza habari za vita, basi vita ndiyo hiyo. Haikuchukua muda wa kupika uji. Nyumbu mmoja alikufa, Mjerumani mmoja alifungwa juu ya farasi wake akaondolewa, Kaburu mmoja alikaa chini ameshika goti. Wajerumani wakaenda kusini, na Makaburu wakarudi walikotoka. Aliyeanguka na farasi alipanda akatoka kwa tundu la paa, kijana wa ndevu chache, mkono umevunjika, analia kwa sauti na kusema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mwenzake alikuja, akatazama ndani, akapiga risasi moja ili farasi atulie. Kisha akampakia kijana nyuma yake wakaenda. Nilikuwa na jiwe mkononi. Sikulirusha, sijui kwa nini.

Miiba ile niliyoipanga niliing'oa kwa mikono mitupu. Makaburu walikuwa wakitumia pia matandiko waliyoyateka kwa Wajerumani, lakini msiniulize kama tandiko la farasi yule lilikuwa na mshono wangu. Sikutazama.

Mama mkwe tulimkuta pembeni mwa kihenge cha nafaka, amejikunja juu ya mtoto, bega limeteguka, mtoto mzima. Ndivyo nilivyomwona binti yangu mara ya kwanza, kijivu kwa vumbi, anapiga chafya. Zainabu alikuwa chini ya boriti, na farasi alikuwa juu ya boriti. Wanaume saba tulimwondoa farasi. Zainabu alikuwa bado anapumua. Nilimpa maji kwa kiganja, yakatoka yote pembeni.

"Kitovu kimeanguka?" akaniuliza.

Kilikuwa hakijaanguka. "Kimeanguka," nikasema. "Kesho tunaondoka."

"Mwambie mama anifungie vitu vyangu," akasema. Alikufa kabla ya adhuhuri. Tulimzika alasiri, upande wa juu wa kilima.

Kurudi

Hapakuwa na mwanamke anayenyonyesha katika kijiji kile ambaye hakuwa na msiba wake au hofu yake. Wote walikuwa wanafunga mizigo. Mzee Omari alisema mtoto aende kwa baba yake, na mama mkwe aende naye, kwa kuwa mwanamume peke yake na mtoto wa siku sita atafika na maiti. Alitupa mbuzi jike mwenye maziwa. Yeye alibaki na kaburi.

Basi tulitembea, mimi mbele na mbuzi, mama mkwe nyuma na mtoto mgongoni, bega lake limefungwa kanga. Sikugeuka. Adabu ilikuwa ile ile, na mtu wa tatu wa kupitisha maneno hakuwepo. Saa nyingi tulikwenda hivyo. Kisha nikasikia nyuma yangu:

"Mtoto wewe, mwambie baba yako asimame. Nimechoka."

Nikasimama. Nikamwambia mtoto, nikitazama mbele, "Mwambie bibi yako kuna kivuli pale."

Ndivyo tulivyosafiri. Mtoto ambaye hata jina hakuwa nalo ndiye aliyekuwa mjumbe wetu, na alifanya kazi hiyo akilia. Maziwa ya mbuzi tulimpa kwa kitambaa, akayatapika. Chini ya Chenene kilio kilipungua kikawa cha kitoto cha paka. Karibu na Makutupora kilikatika kabisa. Nilikwenda hatua kumi, kumi na tano. Nikageuka, na adabu ikafie mbali.

Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya njia, ziwa liko nje, mtoto analivuta. Alinitazama usoni wala hakujifunika. Mtoto wake wa mwisho, tuliyemwacha kwa Mzee Omari, alikuwa amemwachisha miaka mitatu nyuma. Ziwa halikuwa na kitu.

"Mwambie baba yako," akasema, "akuache unyonye tu. Ukivuta sana pengine maziwa yatarudi."

Niligeuka mbele nikalia, kwa sauti, kama yule kijana wa Makaburu. Mbuzi alikuwa anakula.

Pale Makutupora palikuwa na askari wa Kijerumani, mtu wa makamo, akatuuliza tunatoka wapi. Nikamwambia. Nikamwuliza vita ile ya chini ya Burunge alishinda nani.

"Vita gani? Kule hakujapiganwa," akasema. "Doria zilionana tu."

Alitupa kiti cha mama kukalia na maji ya moto. Hakuwa mtu mbaya.

Mpwapwa

Yaliyobaki mliyaona wenyewe. Tulifika, mama mkwe akaingia chumba cha ndani, mimi nikahamia kibandani, ubavuni mwa nyumba. Wake zenu walikuja zamu kwa zamu kumnyonyesha mtoto kila waliponafasika, Mungu awalipe, lakini kila mmoja ana wake, na katikati ya zamu binti yangu alivuta ziwa kavu la bibi yake, kutwa. Nilikuwa nasikia kwa ukuta. Kitovu kilikuwa kimeanguka njiani, hatukuona wapi.

Asubuhi moja nilikuwa nakata soli, nikasikia mama mkwe anazungumza nyuma ya pazia.

"Mtoto, mwambie baba yako mimi ndiye niliyezuia. Yeye alitaka kuondoka siku ile ile. Akitaka nirudi kwetu, nitarudi. Wewe nitakuacha."

Ndilo swali lenu hilo, na jibu langu kwenu ndilo nililompa yeye. Niliweka kisu chini.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "mimi ndiye niliyekubali. Nilijua, nikaona haya kubisha. Na miiba niliweka mimi. Mwambie akae."

Niliokota kisu, nikaendelea na soli, nikaikata vibaya, nikachukua nyingine. Jua lilipanda hadi utosini. Ndipo aliposema tena, polepole.

"Mwambie baba yako maziwa yametoka."